Mama wa Picha

Sisimizi aliyetakiwa ni mweusi. Mwekundu hafai, kwa sababu mwekundu, kwa maneno ya Jagrani, hata ukimtia kwenye asali atakufa kwa hasira zake mwenyewe. Katika mtaa wote wa kusini wa kijiji cha Karamwa hakuna mwanamke aliyewahi kumpinga Jagrani kwenye mambo ya uzazi, basi nani angempinga kwenye mambo ya sisimizi? Alipekua chini ya gunia la mchele, akapekua kwenye ufa wa ukuta wa udongo, akampata mmoja juu ya mlango na kumshika kwa ncha za vidole viwili.

"Leteni kibakuli," alisema.

Mkaza mwanawe, Lalmuni, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, kifua wazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto wa kwanza wa siku tatu. Matiti yake yalikuwa yamevimba na kuwa magumu, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na kila alipopumua maumivu yalimfika kwapani. Mtoto hakuwa ameyagusa bado. Huko kwao mtoto hapewi titi mpaka dada wa baba yake aje alioshe, na kuosha kuna siku yake, nayo ni ya tatu, jua likishapanda. Siku mbili hizo mtoto alikuwa ameishi kwa asali ya kulambishwa na maziwa ya mbuzi yaliyozimuliwa kwa maji, akinyonyeshwa kwa kipande cha pamba.

Dada wa baba alikuwa Sunaina, na sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda na bakuli la maji ya vuguvugu yenye manjano. Aliosha taratibu, kwa kiganja, bila kukandamiza.

"Nikikuumiza sema, wifi."

"Osha tu, wifi. Osha tumalize."

Tone la kwanza lilipotoka lilikuwa zito na la rangi ya samli. Ndiyo dang'a yenyewe. Jagrani aliikamua ndani ya kibakuli cha shaba, Lalmuni akauma upindo wa sari asipige kelele, na yule sisimizi akatupwa ndani. Wanawake watatu wakainama kutazama. Sisimizi alipiga miguu, akazunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akalala ubavu. Dang'a ni nzito. Hata angekuwa sisimizi wa mtoni asingefua dafu.

"Amekufa," alisema Jagrani.

"Mama, sisimizi gani asiyezama?" aliuliza Sunaina.

"Nyamaza wewe! Mkono wenyewe ndio huo. Mkono usiowahi kushika mtoto wake utaosha nini kikatakata?"

Sunaina alilivuta bakuli lake la maji pembeni. Mumewe alimrudisha kwao mwaka wa sita wa ndoa, bila mtoto, na sanduku moja la bati, na tangu siku hiyo kila kilichoharibika nyumbani, kuanzia mtindi mpaka mbegu za haradali, kiliharibiwa na mkono wake. Alikuwa ameshazoea, lakini kuzoea si kutoumia.

"Ni sumu," Jagrani alimwambia Lalmuni, na sauti yake ilikuwa ya huruma hasa, kwa maana hakuwa mwanamke mbaya. Yeye mwenyewe alizika wawili kabla ya kumpata mwanawe Dharmpal, na kila mmoja alimzika akiamini amefanya kila alichofundishwa. "Kamua umwage ukutani, mwali. Kesho tutajaribu tena. Sisimizi akiishi, utamnyonyesha."

"Mama, mtoto halii tena kama jana."

"Si ndiyo ametulia?"

Lalmuni alikamua kidogo, maumivu yakamshinda, akaacha. Alimpigia mumewe simu. Dharmpal alikuwa kwenye kiwanda cha nyuzi huko magharibi, safari ya siku mbili kwa treni, na nyuma ya sauti yake mashine zilinguruma. "Fanya anavyosema mama," alisema. "Mimi huku najua nini?"

Hospitalini nako hakukuwa na aliyemwambia neno. Alijifungua alfajiri, wawili kitanda kimoja, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wameshamtoa, maana wengine walikuwa wanasubiri sakafuni. Alipewa kadi. Lalmuni alisoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo aliisoma njia nzima akiwa kwenye riksha: *Mtoto amenyonya ndani ya saa moja ya kwanza: ndiyo.* Alishangaa. Alidhani labda walimnyonyesha wakati yeye amezimia, kwa namna fulani ya kihospitali asiyoijua, na aliona aibu kuuliza.

Asubuhi ya siku ya nne, Jagrani alipokwenda bombani kuoga, Lalmuni alifanya alichokuwa anakitamani tangu mwanzo. Alimchukua mtoto na kumweka kwenye titi. Titi lilikuwa gumu, chuchu imezama ndani, na mdomo mdogo uliteleza juu ya ngozi ukakosa pa kushika. Alimsogeza juu, akamsogeza chini. Alimbana kichwa, mtoto akajipinda na kugeuza uso. Akajaribu upande wa pili. Mtoto akalia kilio kimoja chembamba, akasinzia.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kwelikweli. Mpaka jana alikuwa na hasira na sisimizi. Leo aliwaza: na kama sisimizi alisema kweli? Mtoto mwenyewe ameyakataa maziwa.

Sunaina alikuwa mlangoni, ameona yote.

"Sijui anavyowekwa, wifi," Lalmuni alisema, machozi yakimtoka. "Ng'ombe anajua. Mbuzi anajua. Mimi sijui."

"Ningejua ningekuonyesha," alisema Sunaina. "Lakini mimi ningejifunzia wapi?"

Ndipo akafika Premshila, mhudumu wa afya wa kijiji, na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja na daftari kubwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa mwezi wa mvua na matope yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Kwa sheria alitakiwa kuwa ameshakuja mara mbili.

"Shangazi, nimekuja kumchukua mwali. Hospitali wanamtaka."

"Hatoki," alisema Jagrani. "Siku ya sita haijafika. Hata jua halijamwona."

"Leo kuna sherehe, shangazi. Wiki ya kunyonyesha. Wamefungua chumba kipya cha akina mama wenye mtoto wa kwanza, Mheshimiwa anakuja kukata utepe. Wanataka mzazi mpya. Wa mtaa wa kaskazini waliyemchagua ameshikwa na homa."

"Ndipo mkatukumbuka sisi."

"Watampa sari."

Jagrani alitazama mvua. "Sari ya nini? Ya pamba?"

"Mpya, shangazi. Ya kung'aa."

Lalmuni alijikaza akasema mbele ya mama mkwe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Dada, huko yupo wa kunionyesha jinsi ya kumnyonyesha?"

Premshila alimtazama, kisha akamtazama mtoto. "Yupo," alisema. "Mshauri wa maziwa ya mama. Amesomea kazi hiyo hiyo tu. Chumba ni chake."

"Basi nitakwenda."

"Sunaina amfuate," Jagrani alisema hatimaye. "Na hiyo sari msije mkaisahau."

Riksha ya injini iliwarusha katika mashimo mpaka Lalmuni akahisi nyuzi za kushonwa zinakatika moja moja. Alimfunika mtoto kwa upindo, akamfunua, akamfunika. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka njano. Alimwonyesha Sunaina, na Sunaina akasema ni mwanga wa turubai, ingawa turubai lilikuwa la buluu.

Hospitalini waliambiwa wakae veranda wasubiri. Kulikuwa na maua ya marigoldi mlangoni, kipaza sauti, na viti vya kukodi vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Chumba kipya kilipakwa rangi ya waridi. Utepe mwekundu ulikata mlango katikati, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

"Sista," Lalmuni alimwambia muuguzi, "mwanangu hanyonyi."

"Atanyonya. Mheshimiwa yuko njiani."

"Naomba mshauri anione kabla."

"Ndani hapaingiwi, huoni utepe? Ukae hapo, usimlaze mtoto chini, nguo zitachafuka."

Walisubiri saa tatu. Sunaina alilowesha ncha ya upindo wake kwa maji ya bomba na kumpaka mtoto midomoni. Mbwa alilala chini ya kiti cha Mheshimiwa, akafukuzwa, akarudi. Mara mbili Lalmuni aliinuka kwenda mlangoni na mara mbili Premshila akamrudisha kwa kumshika kiwiko. "Ukiwaudhi hawatakusikiliza baadaye," alinong'ona. "Vumilia. Baada ya picha ni zamu yako."

Ving'ora viliposikika, muuguzi alimvuta Lalmuni kwenye stoo ya dawa, akamvua sari yake na kumvika nyingine, nyekundu yenye pindo la dhahabu, bado ina mikunjo ya dukani. Alimpaka poda shingoni.

"Mwembamba mno huyu," alilalamika kwa Premshila. "Bango linasema mama mwenye afya. Hukupata mwingine?"

"Nimepata huyu."

Kutoka stoo, ukuta ukiwa katikati, Lalmuni alisikia utepe ukikatwa, maana watu walipiga makofi. Kisha sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka, ikaanza kueleza. Ndiye mshauri! Lalmuni alibandika sikio ukutani.

"Mheshimiwa, mama wa mtoto wa kwanza hazaliwi anajua," ilisema ile sauti. "Anaelekezwa. Tumbo kwa tumbo, hivi, kwenye hili sanamu la mtoto. Hili titi tumelisuka kwa uzi. Sasa, titi likiwa gumu na mtoto hashiki, mama kwanza—"

Makofi. Mtu alikuwa ameingia na shada la maua.

"—na dakika kumi zinatosha kabisa. Dakika kumi zinaokoa maisha ya mtoto."

"Kwanza nini?" Lalmuni alimuuliza muuguzi. "Amesema mama kwanza afanye nini?"

"Kwanza anyooke. Twende."

Ndani kulikuwa na joto la watu na harufu ya rangi mbichi. Walimkalisha kwenye kiti chenye mito, chini ya bango. Mheshimiwa alikuwa mtu wa makamo mwenye uso mchangamfu, na kwa kweli alionekana kufurahi kumwona mtoto mchanga. Mpiga picha alimwelekeza Lalmuni amweke mtoto kifuani, upindo ushuke, bega lisionekane, uso uonekane, tabasamu.

"Mtoto amelala," alisema mpiga picha. "Mdomo umefumbwa."

Muuguzi aliinama kana kwamba anaweka upindo vizuri, akafinya kisigino cha mtoto kwa kucha. Mdomo ulifunguka kidogo, bila sauti. Mwanga wa kamera ukawaka, ukawaka tena.

"Ananyonya vizuri?" aliuliza Mheshimiwa.

"Vizuri sana, Mheshimiwa."

"Hanyonyi," alisema Lalmuni.

Alisema kwa lugha ya nyumbani, na kwa sauti ya chini, kama mwali anavyosema mbele ya mwanaume mkubwa. Mheshimiwa aligeuza sikio.

"Anasemaje?"

"Anashukuru, Mheshimiwa," alisema muuguzi.

Mheshimiwa alimwekea mtoto kiganja kichwani, akambariki, na msafara ukatoka. Laddu, vitamutamu vya mviringo, zilikuwa zinagawiwa veranda na watu walisukumana. Lalmuni aliinuka kwenye kile kiti, damu ikimchuruzika mapajani, akamfuata mshauri, aliyemjua kwa sauti yake, na kumshika mkono. Kumshika mkono mtu asiyemjua ni jambo ambalo katika maisha yake yote hakuwahi kulifanya.

"Dada, nionyeshe. Mimi kwanza nifanye nini?"

Mshauri alikuwa msichana tu, pengine hamzidi Lalmuni miaka mitano, na kitambulisho shingoni. Aligeuka na tabasamu la sherehe, akamwona mtoto, tabasamu likaondoka.

"Ana siku ngapi huyu?"

"Nne."

"Amenyonya lini mara ya mwisho?"

"Hajanyonya."

"Leo?"

"Tangu azaliwe."

Msichana alimfinyia mtoto ngozi ya tumbo, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama. Alifungua upindo wa Lalmuni akagusa titi, akasema, "Mungu wangu." Kisha haraka haraka: "Hili linakamuliwa kwanza lilainike, sikiliza, vidole hapa, mbali na chuchu, unasukuma nyuma halafu—"

Honi ililia nje.

"Bibie!" aliita karani kutoka kwenye gari. "Mheshimiwa ameshaondoka! Kuna chumba cha pili cha kufungua kabla ya jioni!"

"Dakika moja!"

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, dakika moja hiyo utaiombea wapi?"

Msichana alisimama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye titi la Lalmuni. "Sista," alimwita muuguzi, "huyu mtoto aende hospitali kubwa mjini. Leo hii. Sasa hivi."

"Kwa gari gani?" alisema muuguzi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka ngazini, milango wazi, na vijana wawili wakilipakia viti vya kukodi, vitambaa vyeupe na kipaza sauti. Msichana alilitazama. Honi ikalia tena, ndefu.

"Nitarudi Alhamisi," alimwambia Lalmuni huku machozi yakimlengalenga. "Kila Alhamisi nipo hapa. Uje."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Muuguzi alimrudisha stoo na kumvua ile sari. Aliikunja kwa kufuata mikunjo yake ya dukani.

"Si mhudumu alisema ni yangu?" Lalmuni aliuliza, si kwa kuitaka. Aliwaza tu uso wa mama mkwe.

"Ya picha hii. Ina shughuli nyingine Jumatatu."

Veranda ilikuwa tupu sasa, petali za maua zimetapakaa. Premshila alikaa kwenye ngazi, daftari magotini, kidau cha wino pembeni. Alikuwa ameshajaza mistari mitatu: siku ya kwanza, ya tatu, ya nne.

"Weka kidole hapa, Lalmuni."

Lalmuni alisoma. *Mama ametembelewa. Mama ameelekezwa jinsi ya kunyonyesha. Mtoto ananyonya vizuri.*

"Sijaelekezwa, dada."

"Najua."

"Hanyonyi. Andika hanyonyi."

"Niandike wapi?" Premshila aligeuza daftari amwonyeshe. "Tazama mwenyewe. Mstari wa hanyonyi haupo. Nikiacha wazi, wananiondoa mimi, na atakayekuja baada yangu hata kwenu hatafika. Nakwenda barabarani kutafuta riksha itakayokubali kwenda mjini na matope haya. Nakuapia nitaipata. Weka kidole."

Lalmuni alijua kuandika jina lake. Hakuna aliyemuuliza. Sunaina alisimama kati yao, akamchukua mtoto, na Lalmuni akaweka kidole, kwa sababu riksha ilikuwa inategemea hasira au huruma ya Premshila, na mwenye shida hachagui. Premshila alifungua mwavuli wake wenye ubavu uliovunjika, akashuka kwenye mvua.

Waliingoja riksha. Maji yalijaa uani. Mtoto hakulia tena, alipumua kwa haraka, tumbo likiingia na kutoka, na midomo ilikuwa imekauka mpaka imechanika. Chumba kipya kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na karani aliyekuwa na ufunguo alikwenda na msafara. Lakini dirisha lake la nondo lilitazama veranda, na ndani walisahau kuzima feni.

"Wifi," Sunaina aliita. "Njoo. Njoo uone."

Lalmuni alijikokota mpaka dirishani. Kwenye kile kiti chenye mito, sanamu la mtoto lilikuwa limeachwa kama mshauri alivyoliweka: limelazwa kwenye titi la uzi, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi, kidevu kimegusa. Feni ililipepea nywele za plastiki.

Hakuwa na wa kumuuliza tena. Alifungua kifua pale pale, mbele ya nondo, mchana kweupe. Alimpokea mwanawe kutoka kwa Sunaina, akamgeuza tumbo kwake. Alilitazama sanamu, akashusha kiwiko. Akalitazama tena, akahamisha kiganja kutoka kichwani hadi mgongoni. Vidole vyake vilijaribu kubana mbali na chuchu na kusukuma nyuma, na baada ya hapo hakujua kinachofuata.

"Kidevu, wifi," alisema Sunaina, paji la uso limebanwa kwenye nondo, macho hayatoki kwenye sanamu. "Cha kwake kimeinuka kidogo. Na mdomo uwe wazi, mkubwa, kama ule."

Lalmuni alimwinua kidevu. Mdomo haukufunguka. Maziwa yalitoka, tone baada ya tone, mazito, ya rangi ya samli, yakamwangukia mtoto juu ya midomo iliyofumbwa, yakapita shavuni, yakamwingia sikioni.

"Inua tena," alisema Sunaina. "Bado hujafanana."